Seli za Ini Ndani ya Chandarua

Wajua kazi ya ini? Ini huondoa sumu kwenye damu, huweka akiba ya sukari na kutengeneza protini zinazogandisha damu mtu akijikata. Likiacha kazi ghafla, mtu aweza kufa kwa siku chache tu. Mwaka wa 2004, hasa huko Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, yaani sumu ya kuvu. Watu 125 walifariki.

Ajabu ni kwamba ini laweza kujijenga upya, bora lipate muda. Je, nani atalishikia kazi? Wataalamu waliwaza kuazima seli za ini la mtu mwingine. Lakini kuna matatizo mawili. Kwanza, seli hizo zikitolewa mwilini hudhoofika upesi na kuacha kazi yake. Pili, zikitiwa kwa mgonjwa, askari wa mwili wake huziona kuwa adui na kuziua.

Hebu fikiria chandarua, ama neti kama tunavyokiita hapa Karungu. Hewa yapita, mbu hapiti. Wataalamu huchanganya seli na alijineti, ute unaotokana na mwani wa kahawia wa baharini, kisha huudondosha katika maji yenye kalsiamu. Kila tone hugeuka kishanga laini chenye vitundu vidogo mno. Oksijeni na chakula huingia, protini za ini hutoka, lakini askari wa mwili hubaki nje. Humo ndani seli hupata hifadhi, zikaendelea na kazi.

Je, jambo hili limejaribiwa? Ndiyo. Huko London, katika hospitali ya King's College, watoto 8 ambao maini yao yaliacha kazi ghafla walitiwa vishanga hivyo tumboni. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020: watoto 4 hawakuhitaji tena kubadilishiwa ini. Hata hivyo watoto 8 ni wachache, na tiba hii bado ni ya majaribio.

Basi ndugu zangu, tusingoje vishanga. Mahindi tuyaanike yakauke kabisa, kama tunavyoanika omena ufuoni, ndipo tuyatie ghalani. Yakiota kuvu tusiyale, maana kuyachemsha hakuondoi sumu. Kinga ni bora kuliko tiba.