Msumeno wa Mnyororo Unapougua

Wasikilizaji, msumeno wa injini ukianza kukohoa na kuzimika kila mara, ni desturi ya watu wengi kushika bisibisi upesi na kuzungusha skrubu za kabureta. Hayo ndiyo yaliyoua misumeno mingi. Skrubu hizo hupima petroli inayochanganyika na hewa; na petroli hiyo ndiyo inayochukua oili ya kulainisha pistoni, kwa maana injini ya namna hii haina oili yake mbali. Mtu akipunguza petroli, amepunguza na oili pia. Injini italia kwa sauti kali, ya kupendeza masikioni, kisha pistoni itashika moto na kukwama ndani ya silinda. Basi bisibisi na ikae mfukoni mpaka mambo mengine yote yamekwisha kutazamwa.

Yafaa kuuliza kwanza kama injini ni mgonjwa kweli. Aghalabu injini ni nzima, ila mnyororo umekuwa butu. Tazameni kinachotoka mtini: meno makali hutupa maranda, meno butu hutoa vumbi jembamba kama unga, na mkataji hulazimika kukandamiza kwa mikono hata injini ikalemewa. Zimeni injini, vueni kofia ya plagi, vaeni glavu, mkanoe kwa tupa ya mviringo inayolingana na jino, mkisukuma kutoka ndani kwenda nje. Kila jino lipate mapigo sawasawa; meno ya upande mmoja yakiwa mafupi, msumeno utakata kombo.

Ikiwa meno ni makali na bado hauna nguvu, fungueni chujio la hewa. Wafanyao kazi katika misitu ya misindano, kama ile ya Sao Hill huko Mufindi, wajua jinsi unga uliochanganyika na utomvu unavyoganda. Chujio lililoziba huinyima injini pumzi, ikatoa moshi mweusi. La nailoni huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likaushwe kabisa. La karatasi halioshwi.

Halafu petroli. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya 2T, yaani mililita 100 kwa lita 5; mingine ya zamani hutaka oili zaidi, basi someni kitabu chake. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usitumiwe.

Plagi nayo husema mengi. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini yala vema. Nyeusi yenye majimaji ni dalili ya petroli au oili kupita kiasi, au chujio chafu. Nyeupe ni hatari: joto limezidi, na kazi isimame mpaka sababu ijulikane.

Kuna ugonjwa mmoja unaowasumbua hata mafundi. Msumeno huwaka vizuri, hukata dakika chache, kisha hufa. Ukipumzika, huwaka tena. Legezeni kidogo kifuniko cha tangi, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kikivuta hewa kwa mlio, na msumeno ukapona, basi kitundu cha kupumulia cha tangi kimeziba uchafu.

Jambo moja halingoji hata siku moja. Mkiachia kichapuzi na mnyororo ukaendelea kuzunguka, msikate. Punguzeni mwendo wa injini kwa skrubu yake ya mwendo wa polepole, ambayo si moja ya zile za kupima petroli. Usiposimama, klachi ndiyo mbovu.

Na kamba ya kuwashia ikivutika nyepesi, bila kushindana na mkono, nguvu ya silinda imepotea. Hapo chukueni msumeno kwa fundi mwenye vyombo vya kuifungua injini.