Kwa Nini Klabu Yetu ya Hesabu Haina Saa

Mzazi mwenzangu mmoja, mtu wa heshima zake, ameniuliza mbele ya watu mlangoni mwa skuli kwa nini saa nzima ya klabu yangu ya Jumatano inapotea katika kuchezea komwe, ilhali watoto wa mwaka wa nne wamekaribia mtihani wa kuzidisha. Na kwa kuwa suala hilo limenifikia pia kwa simu kutoka kwa jamaa wawili watatu wa hapa Leicester, naona ni wajibu wangu kulijibu kwa kirefu.

Mtihani wenyewe ni huu. Tangu mwaka 2022 skuli za serikali hapa Uingereza zinalazimika, kila ufikapo Juni, kuwaketisha watoto wa miaka minane na tisa mbele ya kompyuta na kuwauliza maswali 25 ya kuzidisha, kila swali likiwa na sekunde 6 tu. Zikipita, swali huondoka kiooni, mtoto awe amekwisha kujibu au awe angali ameinua kidole, na baada ya sekunde 3 huja jingine. Wakuu wa elimu husema hapana kufaulu wala kufeli, lakini mtoto aliyepata 14 hahitaji kuelezwa maana ya 25 za jirani yake.

Fauka ya hayo, majedwali yao hayaishii kumi, bali hufika 12 mara 12. Nilistaajabu kwa muda mrefu, hata nilipokumbuka kwamba mpaka Februari 1971 shilingi ya Waingereza ilikuwa na peni 12, na kwamba futi yao ina inchi 12 hata leo. Muuza duka wa zamani aliihitaji hesabu hiyo kila anaporudisha chenji. Fedha ile imekwisha, hesabu yake imebaki, na sasa mtoto wa miaka minane anahimizwa nayo kwa sekunde.

Klabu yangu imefuata desturi nyingine. Huko Leningrad na Moscow, tangu miaka ya 1930, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakiwakusanya watoto wa skuli jioni, fumbo moja likajadiliwa mpaka likaeleweka. Na katika miaka ya 1980 mwanahisabati Alexander Zvonkin aliwakusanya nyumbani kwake Moscow mwanawe na watoto wa jirani, wadogo wasiotimiza umri wa skuli, akawapa mafumbo ya kushika kwa mikono. Mwaka 1994 Robert na Ellen Kaplan wakaanzisha klabu ya namna hiyo Boston.

Basi nami humwaga komwe 12 juu ya mkeka, nikawataka watoto wazipange safu zilizo sawa. Hupata 2 za sita, 3 za nne, hata mmoja akazinyoosha zote mstari mmoja. Kisha naongeza komwe moja. Hapo ndipo kazi ilipo: hupanga, hupangua, huhesabu tena, wakashutumiana. Mwanangu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka sita, aliichukua ile ya 13, akaitia mfukoni, akatangaza kwamba sasa zimelingana, na dada yake akamshika mkono asimwachie mpaka aeleze kwa nini amelazimika kuificha.

Dada mtu huyo ndiye aliye mwaka wa nne. Ukimwuliza saba mara nane akiwa anaosha vyombo, hukujibu bila kugeuka; mbele ya kioo cha kompyuta huganda, na nilipomtaka ajizoeze alifunika pembe yenye saa kwa mtandio wake. Lakini usiku, akikaa juu ya bao na baba yake, hushika kete mkononi, akatazama mashimo, akasema kabla ya kutawanya zitalala wapi, na aghalabu husema kweli.

Mzazi mwenzangu akipenda, aje Jumatano aketi nasi. Sakafu ya ukumbi ni baridi, basi na aje na kitu cha kukalia.