Chungwa Lina Nini kwa Mishipa Midogo ya Damu?

Muuza machungwa wa Dar es Salaam humenya ganda la juu kwa kisu, akauacha utando mweupe, kisha akakata sehemu ya juu. Mnunuzi anafyonza maji na kutupa makapi. Kwa bahati mbaya, hesperidini, kemikali ya jamii ya flavonoidi, imo kwa wingi zaidi katika utando huo na katika ngozi za vipande kuliko katika maji yenyewe.

Hesperidini ina historia ndefu. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake wa Szeged, Hungaria, waliandika kuwa kuna wagonjwa waliovuja damu chini ya ngozi ambao vitamini C safi haikuwafaa, ila dondoo za limau na pilipili hoho ziliwafaa. Waliamini kuna kitu kingine, flavonoidi kama hesperidini, kinachoimarisha kuta za mishipa, wakakiita vitamini P. Haikuthibitika kwamba mtu huugua kwa kukikosa, jinsi anavyougua kiseyeye akikosa vitamini C, hivyo jina hilo likaachwa mwaka 1950. Naona ilikuwa sahihi kuliacha. Hata hivyo, swali lao lilikuwa zuri, na bado linafanyiwa utafiti.

Mishipa tunayoizungumzia, kapilari, ina kipenyo cha mikromita 5 hadi 10 hivi, na seli nyekundu za damu hupita humo moja moja, tena kwa kujikunja. Ukuta wake ni tabaka moja tu la seli. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu kuta hizo kimyakimya nyuma ya jicho na ndani ya figo, na mgonjwa huweza kukaa miaka bila maumivu yoyote.

Vimishipa vinavyoingiza damu kwenye kapilari hutanuka kwa amri ya gesi, oksidi ya nitriki, inayotolewa na seli za ukuta wa ndani. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi unaohusu gesi hiyo. Flavonoidi zinaonekana kuzisaidia seli kuitoa kwa wingi zaidi. Hesperidini yenyewe hufika kwenye damu polepole, kwa sababu lazima kwanza bakteria wa utumbo mpana waitenganishe na sukari iliyoshikamana nayo.

Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 24 wenye afya na uzito uliozidi kiasi, wa umri wa miaka 50 hadi 65. Walipokunywa nusu lita ya maji ya machungwa kila siku kwa wiki 4, kipimo cha chini cha shinikizo lao la damu kilishuka, na mishipa midogo ya ngozi ikatanuka vizuri zaidi saa chache baada ya kinywaji. Hesperidini pekee ilileta matokeo yanayokaribiana. Ni dalili njema, lakini watu 24 ni wachache mno kumfanya yeyote aache vidonge vyake.

Tena, nusu lita ya maji ya machungwa ina sukari karibu sawa na ya soda. Mwenye kisukari ale chungwa zima, nyuzinyuzi na utando wake, kwa kiasi alichoelekezwa kliniki.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Balungi na danzi zina kemikali nyingine, furanokumarini, zinazozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa. Felodipini ya shinikizo la damu na simvastatini ya kolesteroli zikinywewa pamoja na balungi huweza kuzidi katika damu kama vile mgonjwa amemeza dozi kubwa. Chungwa tamu halina tatizo hilo. Ukiandikiwa dawa mpya ya moyo au presha, mwulize mfamasia kuhusu balungi kabla hujaondoka dirishani.