Siku Polisi Alipoulizia Habari za Jirani Yangu

Askari aliyebisha hodi kwangu jioni ile alivua kofia, akainama, akataja jina la kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kisha akafungua daftari. Kijana huyo hunywa pombe kiasi gani? Nimewahi kumsikia akigombana na mkewe? Ana hasira za ghafla? Siku hizi anaonekana mwenye msongo? Moyo ulinienda mbio. Kwetu Songea, polisi akija kuulizia habari za jirani, ujue jirani amekwisha kuharibu. Nikauliza, "Amefanya nini?" Askari akatikisa kichwa. Hakuwa amefanya lolote. Alikuwa ameomba kibali cha bunduki.

Ninaishi mkoa wa Nagano, katikati ya Japani, katika kijiji cha milimani nilikoolewa. Mashamba yetu ya mpunga yanapakana na msitu. Mpunga ukikaribia kuiva, nguruwe pori na kulungu hushuka usiku na kuvuruga kazi ya mwaka mzima. Hayo si mageni kwangu. Nimekulia kwenye dungu, mimi na kaka zangu tukipiga madebe hadi alfajiri ili mahindi ya baba yasiishie matumboni mwa nguruwe. Huku kazi ya kuwapunguza wanyama hao ni ya wawindaji wenye vibali, na wengi wao ni wazee. Kijana yule, mwenye miaka 31, alitaka kuwapokea.

Sheria inayomhusu ni ya mwaka 1958, nayo huanza kwa kukataza: raia haruhusiwi kuwa na bunduki wala upanga. Baada ya katazo hilo ndipo hufunguliwa vijidirisha vichache: kuwinda, kuondoa wanyama waharibifu, na mchezo wa kulenga shabaha. Kujilinda na wezi hakumo. Bastola ndiyo kabisa, raia wa kawaida hapewi. Fikra hiyo ina mizizi mirefu, maana tangu mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwaamuru wakulima wasalimishe silaha zao.

Kijana alihangaika karibu mwaka mzima, na kila hatua alitusimulia akija kunywa chai. Alihudhuria darasa la kutwa linaloishia kwa mtihani wa maandishi. Kitabu chake alikisoma kama mwanafunzi wa kidato cha nne. Akaenda kwa daktari kuthibitishiwa kuwa akili yake ni timamu na hatumii dawa za kulevya. Akaandika historia ya maisha yake, alikofanya kazi, alikohamia na anaoishi nao. Polisi wakamhoji ana kwa ana. Akapewa ruhusa ya kwenda kujifunza kwenye uwanja wa shabaha, akatungua visahani vya udongo vinavyorushwa angani mpaka mkufunzi akaridhika. Hata alipokwisha kuchagua shotigani, ilibaki dukani ikisubiri kibali, kwa sababu kibali hutolewa kwa bunduki moja yenye namba yake. Akitaka ya pili, ataomba tena. Leseni ya kuwinda nayo ina mtihani wake.

Bunduki ilipofika nyumbani iliingia katika kabati la chuma lililokazwa ukutani. Risasi ziliwekwa mbali nayo, katika sanduku lenye kufuli lake, na polisi walikuwa wamepewa mchoro wa nyumba unaoonyesha mahali pa kila kitu. Risasi hununuliwa kwa kibali, na kila inayoingia na inayofyatuliwa huandikwa daftarini. Mara moja kwa mwaka bunduki hupelekwa kukaguliwa na polisi. Baada ya takriban miaka 3 kibali humalizika, na mwenye bunduki hurudi darasani kabla ya kukihuisha. Aliyefikisha miaka 75 hupimwa pia kumbukumbu na uelewa. Raifali, ambayo risasi yake huenda mbali zaidi, kwa kawaida haiombwi mpaka mtu awe amemiliki shotigani miaka 10.

Yote hayo niliyaheshimu, lakini lililonigusa ni lile daftari la askari mlangoni kwangu.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu palikuwa na mwanamume mwenye gobore alilotengenezewa na fundi wa kijiji cha pili, halina namba wala karatasi. Sote tulijua kwamba akilewa hashikiki. Wanawake walijua, na sisi watoto tulizunguka njia ya mbali tusipite uani kwake. Usiku mmoja alimfyatulia shemeji yake, marisau yakamchana paja. Asubuhi, kisimani na kilabuni, neno lilikuwa moja: "Tulijua tu." Neno hilo nimelibeba miaka yote. Tulijua, lakini hakuna aliyekuwa ametuuliza, na sisi hatukujua pa kulipeleka tulilolijua.

Japani nayo imejifunza kwa machozi. Desemba 2007, mtu mwenye bunduki za kibali aliua watu wawili katika klabu ya michezo mjini Sasebo. Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa, ikamfungulia njia yeyote, awe jirani au mfanyakazi mwenzake, anayeona kwamba mwenye bunduki amekuwa hatari: apeleke taarifa, na mamlaka zichunguze.

Ukuta huu una nyufa, na sitazificha. Julai 2022, waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe aliuawa mjini Nara kwa bunduki iliyoundwa nyumbani, isiyopita kwenye darasa wala kibali chochote. Mei 2023, hapa mkoani kwetu, mjini Nakano, watu wanne waliuawa kwa kisu na bunduki, wawili wao wakiwa polisi. Aliyekamatwa alikuwa na vibali. Mwaka 2024 sheria ilikazwa tena. Hata hivyo, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 120, miaka ya karibuni wanaouawa kwa risasi kwa mwaka kwa kawaida hawafiki 10.

Tarehe 15 Novemba, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, nilisikia mlio kutoka ng'ambo ya bonde, jua likiwa limekwisha kuchomoza kama sheria inavyotaka. Sikushtuka. Nilikumbuka nilivyomjibu askari: kwamba theluji ikizidi kijana huyu hutusafishia njia bila kuombwa, na kwamba sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Ilikuwa kweli tupu.

Jioni alituletea paja la kulungu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikusema vizuri. Lakini siku nikiona umebadilika, nitakwenda kusema pia."

Aliinama, chini kuliko siku zote. "Naomba ufanye hivyo, dada," akasema.