Mifupa ya Ruhuhu na Utalii wa Kusini

Utalii wa kusini mwa Tanzania hautakua kwa kuiga Serengeti. Ujengwe juu ya utafiti. Mfano ni Nyasasaurus, mnyama wa kale: aliyefukuliwa katika bonde la Ruhuhu, huko huko kusini, miaka ya 1930 na kupewa jina mwaka 2013, aliishi takriban miaka milioni 243 iliyopita. Yamebaki mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Mkononi kuna mbenuko mrefu ilikoshikilia misuli, alama ya dinosaria, na nyuzi zilizotapakaa ndani ya mfupa zinaonyesha alikua haraka. Kama ni dinosaria kamili au ndugu yao wa karibu, wataalamu bado wanabishana.

Wapo watakaosema mgeni hasafiri mbali kwa mabaki machache, tena yaliyohifadhiwa London na Cape Town. Hoja ina uzito. Lakini fuvu la Zinjanthropus, zamadamu aliyepatikana Olduvai, liko Dar es Salaam, na wageni bado wanakwenda Olduvai, maana pale kuna makumbusho na watu wa kuwaeleza. Ruhuhu nayo ipate nakala za mifupa, barabara inayopitika, na vijana wenyeji waliofunzwa kuonyesha mbenuko ule kwa kidole na kueleza ubishi wenyewe bila kuuficha.