Picha za Wikendi Zisiishie Mji wa Kale

Familia inayokuja Mombasa kwa Jumamosi na Jumapili mara nyingi hurudi kwao na picha ambazo tayari zipo: ukuta wa Fort Jesus, mlango wa nakshi wa Ndia Kuu, roshani ya mbao, mnara wa Msikiti wa Mandhry. Picha hizo hazina ubaya wowote. Lakini Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imeshapimwa, imechorwa na kupigwa picha kwa zaidi ya karne moja, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mji wa Kale nao ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Mtu akitaka kujua Ndia Kuu ilikuwaje miaka mia moja iliyopita, postikadi zimejaa, zimeandikwa Vasco da Gama Street, jina ambalo njia hiyo ilipewa enzi ya ukoloni. Ukivuka Barabara ya Digo na kupita Mwembe Tayari hadi mtaa wa Majengo, safari ya miguu ya kama nusu saa, kumbukumbu hiyo ya picha karibu inakatika. Kwa hiyo naishauri familia yenye simu na siku mbili itumie siku moja kati ya hizo Majengo. Huko picha moja tu, ikipigwa kwa uangalifu, yaweza kuwa ndiyo pekee ya nyumba iliyopigwa.

Nyumba ya kawaida ya Majengo ina mpangilio rahisi kueleza na wenye akili nyingi. Mbele kuna baraza. Katikati unapita ukumbi mrefu kutoka mlango wa mbele hadi uani, na kila upande wa ukumbi kuna vyumba vitatu. Kuta ni boriti zilizosimamishwa, zikafungwa fito, zikakandikwa udongo na kupigwa lipu. Paa lilikuwa la makuti kabla mabati hayajachukua nafasi. Mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vitano, na miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwemo wanawake, ambao kodi iliwapa riziki isiyotegemea mume wala mwajiri. Wapangaji walitoka kila upande: Wamijikenda, watu wa bara, watu wa visiwani. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, gati za maji ya kina za Kilindini zikafunguliwa mwaka 1926, na mikono iliyohitajika huko ilipaswa kulala mahali. Serikali ya kikoloni haikuwajengea wengi wao. Nyumba ya vyumba sita iliwapokea.

Atasema mtu kwamba hizi ni nyumba za udongo na mabati, hazifikii miaka mia, na urithi ni jiwe. Jicho hupenda jiwe kila mahali. Ila udongo wa Majengo una sababu yake, na sababu hiyo ni historia tosha. Mara nyingi ardhi ilikuwa ya mtu mmoja na nyumba ya mwingine, aliyelipa kodi ya kiwanja bila kuwa na hati yake. Nani atajenga kwa mawe juu ya ardhi ambayo kesho aweza kuambiwa aondoke? Alijenga kwa kile ambacho angeweza kumudu kukipoteza. Tena vifaa vyenyewe havitoki mbali na vya Mji wa Kale: boriti za mkoko zilizobeba dari za nyumba za mawe, na ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vile viwe vyembamba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, ndizo zilizosimama ndani ya kuta za Majengo. Fundi alizigeuza tu, za kulala zikawa za kusimama. Na mfumo huohuo wa ardhi ndio unaoziangamiza nyumba hizi sasa. Kiwanja kikiuzwa, nyumba inabomolewa na ghorofa la kupangisha linapanda mahali pake. Hakuna tangazo la hifadhi la kumzuia yeyote.

Umri wa miaka pia si kipimo pekee. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma pamoja na kuusimamisha mji, wakikutana katika uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Wakaunda African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mgomo wa namna ile ulihitaji watu wa makabila na kazi mbalimbali waliokwisha kuzoeana, na ni vigumu kuufikiria bila kumbi na mabaraza ya nyumba za vyumba, ambako kuli, mpishi na fundi walisikia habari moja jioni moja. Nadhani mlango wa nyumba kama hiyo una haki ya kupigwa picha sawa na mlango wa tajiri wa Ndia Kuu.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima na usalama. Picha za Majengo ambazo Wakenya wengi wanazikumbuka ni za Februari 2014, polisi walipovamia Masjid Musa. Mtaa ulioonekana magazetini kwa moshi na bunduki una haki ya kumtilia shaka mgeni mwenye kamera, na mtaa wenye wanawake wa stara una haki zaidi. Lakini watu wengi wa pwani hawaikatai picha, wanakataa kunyakuliwa. Studio ya N. V. Parekh hapa Mombasa ilijaa kwa miongo kadhaa watu waliovaa vizuri na kuchagua wenyewe wakae vipi. Idhini ndiyo tofauti, na sheria ya kulinda data ya 2019 iko upande wao: mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza faini shule moja na mgahawa mmoja kwa kuchapisha picha za watu bila ridhaa. Basi nenda na mwenyeji, piga hodi, toa salamu kabla ya kutoa simu, na mtu akikataa, shukuru upite. Ukuta wa nje hauhitaji sura ya mtu ndani yake.

Kazi yenyewe inawafaa watoto kuliko matembezi ya makumbusho. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, simameni upande wa pili wa njia, mpige uso wa nyumba ukiwa mzima, kutoka baraza hadi ncha ya paa. Tafuteni pale lipu ilipobanduka: mtoto ataona fito, udongo na boriti kwa pamoja, somo ambalo ukuta wa ngome haumpi. Mmoja ahesabu madirisha, mwingine aandike tarehe, jina la njia na jina la mwenye nyumba akiridhia, kwa kuwa picha isiyo na maandishi hugeuka bubu baada ya miaka kumi. Kisha chapisheni nakala moja kwenye karatasi mumpelekee mwenye nyumba. Haitakuwa hati ya ardhi, lakini siku kiwanja kitakapouzwa itaonyesha nyumba ilikuwepo na ilisimamaje.