Masika Yaingie Darasani

Huku Satellite, magharibi ya Nairobi, masika hayabishi hodi. Mabati huvuma kwa mvua hata mwalimu hasikiki, na somo likasimama. Mimi, mtu wa pwani niliyelowea huku, naona hapo ndipo lingeanza.

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Nairobi, na shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 zikangoja hata 13 Mei. Mtoto aliyeyaona hayo hafai kufundishwa mvua kama jambo la mbali.

Tuanze na hesabu. Mkebe ulionyooka pande zake na rula vyatosha. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la mita 10 kwa 6 likipata milimita 10 humwaga lita 600, yaani mitungi 30 ya lita 20. Kwa nyumba inunuayo maji kwa mtungi, hesabu hiyo ina ladha.

Jiografia nayo ingoje Julai. Mwana akitetemeka, na aulize mbona nyanya yake Mombasa yu na leso tu. Nairobi imeinuka mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kila mita 1,000 upandazo hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi.

Disemba ni zamu ya historia na lugha. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Watoto wetu huku wajua "mvua" na "baridi". Vuli, kipupwe na demani zawapotea. Neno likipotea, na elimu iliyomo hupotea nalo.

Ramadhani nayo yafunza. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo mfungo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka kama 33 huzunguka misimu yote. Mtoto auchore mwezi kila usiku, tangu kuandama hata kufifia: hapo pana dini, sayansi na sanaa pamoja.

Wazazi wenzangu, tusimngoje mwalimu peke yake. Mvua ijayo mpe mwanao mkebe auweke uwanjani, na ikianuka muulize: imenyesha kiasi gani?